Nani kapika, nani katia chupa? Watia chupa huru wa wiski za viwanda vidogo vya Marekani

#1 · Kinu cha Mawe

Wakuu, habari za jioni. Naleta dai, mlichambue.

Uskoti mtu ananunua pipa la kiwanda cha watu, analitunza, analitia chupa kwa lebo yake, na jina la kiwanda kilichopika analiandika mbele kabisa. Cadenhead's walianzishwa 1842, Gordon & MacPhail 1895, Signatory 1988. Marekani mitambo midogo imejaa kuanzia Washington hadi Texas, lakini watia chupa huru wanaomtaja mpishi kwa jina bado wanahesabika. Single Cask Nation waliingia 2011. Lost Lantern wa Vermont, ambao hawagusi wiski isiyo ya Marekani, walitoa chupa zao za kwanza 2020.

Dai langu: kinachowabana ni mfumo wa ngazi tatu uliokuja baada ya marufuku ya pombe kufutwa 1933. Mzalishaji anamuuzia msambazaji, msambazaji anamuuzia mwenye duka. Pipa moja linatoa chupa 150 hadi 200 hivi. Ukizigawa majimbo 10, kila jimbo lina taratibu zake na msambazaji wake, na chupa zinazofika hapo hazizidi 20. Kwenye majimbo 17 serikali yenyewe imeshika biashara ya pombe kali. Msambazaji gani atahangaika na katoni tatu?

#2 · Dada Zuhura

Naweka kambi hapa. Kwa wanaopita tu: mtia chupa huru si sawa na yule anayenunua wiski ya watu halafu akaipa jina la babu wa kubuni. Wote wawili hawapiki. Mmoja anamtaja mpishi, mwingine anamficha.

Geuza chupa usome maandishi madogo. "Distilled by" maana yake kapika mwenye jina hilo. "Bottled by" maana yake katia chupa tu. "Produced by" isikubabaishe, halihakikishi kwamba alipika yeye. Kisha tafuta jimbo. Sheria inataka jimbo lililopikwa litajwe kama si lile la anwani iliyo kwenye lebo. Templeton walijiuza kama rai (wiski ya nafaka ya rye) ya Iowa kumbe ilipikwa Lawrenceburg, Indiana. Kesi ya wateja ikaisha kwa maridhiano 2015 na lebo zikabadilishwa.

#3 · Kipimo Halisi

Zuhura uko sahihi, naongeza. Mtambo wa Lawrenceburg ulikuwa wa Seagram zamani, MGP wakaununua 2011, na tangu 2021 unaitwa Ross & Squibb. Rai yao maarufu ni 95% rai na 5% kimea cha shayiri. Ina harufu ya shibiti na mnanaa, ukiizoea unaitambua hata lebo ikinyamaza.

Ila tusiwaweke wasiopika wote kapu moja. Barrell wa Louisville hawapiki, wanachanganya, na majimbo zilikotoka wiski zao wanayaandika. Hawataji kiwanda mara zote, lakini hawamdanganyi mtu.

#4 · Mwana wa Mji Mkongwe

Kinu, dai lako lina tundu. Ngazi tatu zinambana kila mtu, pamoja na vile viwanda vidogo vyenyewe, na bado vimeota kama uyoga.

Sababu ni ya kihistoria. Uskoti kampuni zimebadilishana mapipa zaidi ya karne moja ili kupata wiski za kuchanganya. Ukihitaji moshi wa Islay (kisiwa cha Uskoti kinachojulikana kwa wiski zenye moshi) unampa mwenzako mapipa yako, naye anakupa yake. Hapo wakazaliwa madalali, na kwa madalali ndipo mtia chupa huru anapochota. Kentucky, nyumbani kwa bourbon (wiski ya Marekani ya mahindi mengi), hawakuwa na desturi hiyo. Kiwanda kimoja kinapika mapishi mawili au matatu, kinabadilisha hamira na ghorofa ya ghala, kinapata aina zake zote humo humo. Pipa likitoka nje ya geti lina kasoro au mwenye nalo ana shida ya fedha.

#5 · Kinu cha Mawe

@Mwana wa Mji Mkongwe, hiyo inaeleza Kentucky. Haielezi viwanda vidogo vilivyoanza baada ya 2005. Hivyo havikurithi desturi ya mtu.

#6 · Bi Mkubwa wa Ghala

Nyote mmeruka kitu kilicho wazi. Nafasi ya mtia chupa huru Marekani imeshikwa na maduka na baa. Duka linapelekewa sampuli tatu au nne, linachagua pipa moja, kiwanda kinatia chupa na kubandika kijilebo chenye jina la duka. Mteja anapata wiski ya pipa moja na jina la mpishi lipo. Kiwanda hakikupoteza udhibiti wa lebo wala bei. Kwa nini kimuuzie mtu wa Vermont pipa zima?

Halafu kuna chumba cha kuonjea. Kiwanda kidogo kikiuza chupa mlangoni kwake, pale jimbo linaporuhusu, faida ya msambazaji na ya duka inabaki mfukoni. Ukiuza pipa unaipoteza faida hiyo yote.

#7 · Fundi Pipa

Salaam. Mimi nasema tatizo ni umri na ukubwa wa mapipa.

Wengi walioanza walikosa subira au mtaji, wakajaza mapipa ya galoni 5, 10, 15. Pipa la kawaida ni galoni 53, yaani lita 200. Ukipunguza ujazo, eneo la mbao kwa kila lita linapanda: pipa la galoni 10 linampa kila lita mbao mara 1.7 hivi ya lile la 53, na la galoni 5 mara 2.2. Rangi na ladha ya mbao vinakuja ndani ya miezi. Lakini kuna kazi nyingine inayotaka muda na hewa: makali ya pombe changa kulainika, asidi na pombe kuungana zikawa esta zenye harufu ya matunda. Hiyo haiharakishwi na mbao nyingi. Unapata kinywaji cheusi kama chai ya rangi, kimejaa ladha ya ubao mbichi na uchungu unaokausha ulimi, na katikati hakuna kitu.

Mtia chupa huru hawezi kuokoa pipa hilo. Kazi yake ni kuchagua, na kwa miaka mingi hapakuwa na cha kuchagua. Viwanda vilipohamia galoni 30 na 53, na wiski ikafika miaka 4 na zaidi, ndipo soko likafunguka. Tazameni mwaka wa Lost Lantern, 2020, mtaona unaoana.

#8 · Kipimo Halisi

Fundi, nakubali nusu. Westland wa Seattle walianza na mapipa makubwa mapema, wala baridi ya kule haiharakishi kitu. Upande wa pili kuna Texas, Balcones kule Waco na Ironroot kule Denison. Joto linaisukuma wiski ndani ya ubao mchana na kuirudisha usiku. Miaka mitatu ya Texas usiipime kwa kalenda ya Uskoti.

Na huko bei ya joto inalipwa kwa ujazo. Ghala likiwa kavu na lenye joto, maji yanatoka kwenye ubao haraka kuliko kilevi, asilimia inapanda wakati kiasi kinashuka. Uskoti kwenye unyevu ni kinyume, asilimia inashuka. Pipa la bourbon liliingia kwa 62.5% kwa sababu sheria hairuhusu kuzidi hapo, linatoka juu ya 65 na limebakiza lita 120. Ukilisubiri miaka 10 unaweza kukuta mbao zenye harufu.

#9 · Kijana wa Nyali

Wakubwa shikamooni. Mnabishana vizuri mpaka raha, ila hakuna aliyesema kazi yenyewe inafanywaje. Pipa limenunuliwa, lipo Texas, mtia chupa yupo Vermont. Hatua kwa hatua tafadhali.

#10 · Bi Mkubwa wa Ghala

Marahaba. Tuanze na karatasi. Pipa linahama kutoka ghala la dhamana hadi jingine bila ushuru kulipwa, mradi pande zote mbili zina leseni ya kiwanda cha pombe kali kutoka TTB (idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia pombe na ushuru wake), na maombi ya uhamisho yamekubaliwa. Asiye na leseni anatumia mtia chupa wa kukodi. Lebo nayo inaidhinishwa kabla. Kubadilisha asilimia ya kilevi kwenye lebo iliyokwisha kupita hakuhitaji idhini mpya, na hilo linawasaidia sana wanaotoa pipa moja moja.

Pipa likifika, lipime uzito. Tupu la galoni 53 lina kilo 50 hivi, kwa hiyo unajua mapema kilichomo. Kama uzito hauendani na karatasi, tafuta mchirizi mweusi kwenye maungio ya mbao.

Kupima kilevi: halijoto ya rejea ni 60 za Fahrenheit, yaani 15.6 za Selsiasi. Wiski ya asilimia 60 ikiwa na joto la 28, hidromita inakuonyesha pointi 4 hivi juu ya ukweli. Soma jedwali la masahihisho kila mara. Kosa la pili ni la kinyume: vitu vilivyoyeyuka kutoka kwenye ubao vinaongeza uzito wa kimiminika, na hidromita inasoma chini. Kwenye mapipa madogo yenye mbao nyingi athari inaonekana. Ukitaka uhakika, keneka sampuli kidogo, irudishie maji mpaka ujazo wa mwanzo, upime tena.

Kumimina: pipa linalazwa juu ya hodhi la chuma kisichoshika kutu, tundu chini, wavu mnene unakamata vipande vya mkaa. Iache kwenye tangi siku moja au mbili vumbi la mkaa litue. Kisha chujio la maikroni 5 hadi 10, kwa joto la chumba.

Mipira ya kupitishia: usitumie PVC ya kawaida. Kilevi cha 60% kinanyonya kemikali za kulainishia plastiki. Pampu iwe ya hewa au ya umeme isiyotoa cheche, na tangi liunganishwe na ardhi. Mvuke wa kilevi hauna mzaha.

Chupa: zisuuze kwa wiski ile ile, usitumie maji. Chupa za kwanza kutoka kwenye mashine zirudishe tangini, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye mipira yamezishusha. Jaza kwa uzito. Mililita 750 za 62% kwenye joto la 20 ni gramu 678. Ukijaza kwa kuangalia shingo ya chupa wakati wiski ina joto la 30, ikipoa mteja anakosa mililita 6 au 7.

#11 · Dada Zuhura

Asante Bi Mkubwa. Kwenye lebo uhuru wa asilimia ni 0.3 juu au chini. Zamani ilikuwa 0.15 kushuka tu, kupanda hapana. Vitabu vingi bado vina ile ya zamani.

#12 · Kijana wa Nyali

Nimeshukuru. Na wanaoshusha hadi 50% wanaweka maji kiasi gani? Lita 140 za 62%, nimepata jumla ya lita 173.6, kwa hiyo maji 33.6?

#13 · Kipimo Halisi

Jumla umepata. Maji hapana. Kilevi na maji vikichanganyika vinasinyaa, lita moja na lita moja hazitoi mbili. Kwa hesabu ya uzito unahitaji karibu lita 35. Ukiweka 33.6 utabaki juu ya 50, si hasara, unaongeza. Ukikosea kinyume huna pa kurudi, kwa sababu pipa lilikuwa moja.

Maji yawe yaliyoondolewa madini. Kalsiamu ya maji ya kisima inaungana na asidi ya ubao, na baada ya miezi unaona vumbi jeupe chini ya chupa.

#14 · Fundi Pipa

Na usimwage maji yote kwa mara moja. Shusha pointi 3 au 4, acha siku kadhaa, shusha tena. Ukiharakisha unapata ladha ya sabuni.

#15 · Kipimo Halisi

Fundi, hapa sikubali. Sabuni inahitaji magadi. Wiski ina asidi, pH ya 4 hivi. Hakuna sabuni inayotengenezeka humo.

#16 · Fundi Pipa

Sikusema sabuni ya kufulia, nimesema ladha. Asidi za mafuta zenye mnyororo wa kati zinanuka hivyo hivyo. Maji yakiingia kwa fujo, pale yanapoangukia kilevi kinashuka ghafla, mafuta yanajitenga na hayarudi vizuri. Wakenekaji wa konyaki wanashusha kwa miezi, wengine zaidi. Hawana sababu ya kupoteza muda.

#17 · Mwana wa Mji Mkongwe

Mnaongelea vitu viwili. Mafuta kujitenga ni ukungu wa macho, unatokea chini ya 46% hivi, hasa kwenye baridi. Ndiyo maana wakubwa wanachuja kwa baridi karibu na sifuri, wanapata wiski angavu na wanapoteza uzito wa mdomoni. Watia chupa huru karibu wote hawachuji kwa baridi, wanakaa juu ya 46 ili wasihitaji. Hiyo ladha ya sabuni hutokea hata kwenye wiski isiyoongezwa maji kabisa, pale mpishi alipochelewa kukata mkia, yaani sehemu ya mwisho ya mkeneko. Mpishi ndiye wa kuulizwa kabla ya mtia chupa.

#18 · Fundi Pipa

Mkia unachangia, sikatai. Lakini wiski moja, nusu ikashushwa kwa saa moja na nusu kwa wiki tatu, pua inatofautisha. Mkia ni ule ule.

#19 · Kinu cha Mawe

Turudi kwenye dai kidogo, naona mmenikimbia. Hesabu ya ushuru inaniunga mkono. Ushuru wa shirikisho ni dola 13.50 kwa galoni ya prufu 100 (yaani galoni yenye kilevi 50%). Kiwanda kidogo kinalipa 2.70 kwa galoni 100,000 za kwanza. Tangu 2022 kutia chupa peke yake hakuhesabiki kama kazi ya kupata punguzo. Pipa lililotoa lita 128 za 62% lina galoni za prufu 41.9, ushuru kamili ni dola 566. Kwa chupa 165 ni dola 3.43 kila moja.

#20 · Bi Mkubwa wa Ghala

Kinu, ushuru unalipwa kwa kinachotoka ghalani, kilichobaki kwenye chujio hakimo. Chupa ya mililita 750 ya 62% ni galoni ya prufu 0.2457. Dola 3.32 kamili, senti 66 kwa punguzo. Tofauti dola 2.66. Kwa chupa inayouzwa dola 90 hiyo haiui biashara.

#21 · Kinu cha Mawe

Nimekubali masahihisho. Ila dola 2.66 inazidishwa njiani: msambazaji anaweka asilimia yake juu, duka linaweka yake.

#22 · Dada Zuhura

Kuna jambo la jina pia. Uskoti kiwanda kisichotaka jina lake litumike kinatia kijiko cha chai cha wiski nyingine kwenye pipa, basi kisheria si kimea cha kiwanda kimoja tena. Marekani wanatumia mkataba: unauziwa pipa kwa sharti la kutomtaja mpishi. Mpishi mkubwa analinda bei yake. Mpishi mdogo angepaswa kufurahi, maana chupa yake inafika New York bila yeye kulipa nauli, ila wapo wanaoogopa pipa la ajabu litawaharibia jina. Huku kwetu mpishi wa gongo mtaa mzima unamjua, akipika vibaya anaambiwa siku hiyo hiyo. Sioni kwa nini mnywaji wa Chicago anyimwe haki hiyo.

#23 · Mwana wa Mji Mkongwe

Hapo Zuhura umegonga. Na ukitaka kuona jina likifanya kazi, tazameni ile American Vatted Malt ya kwanza ya Lost Lantern. Wiski za kimea za viwanda sita, kuanzia Balcones, Copperworks na Westward hadi Santa Fe Spirits, na vyote vimetajwa. Mchanganyaji wa kawaida angeandika "wiski ya Marekani" akalala.

#24 · Fundi Pipa

Wiski za kimea ndiko matumaini yangu yaliko. Tangu 19 Januari 2025 "American Single Malt" ina kanuni rasmi: kimea cha shayiri 100%, kiwanda kimoja cha Marekani, mkeneko usiozidi 80%, pipa la mwaloni lisilozidi lita 700. Na pipa linaweza kuwa limetumika. Bourbon inataka pipa jipya lililochomwa ndani kila mara, kwa hiyo ubao unapiga kelele na tofauti za wapishi zinafunikwa. Kwenye pipa lililotumika unamsikia mpishi. Whiskey Del Bac wa Tucson wanakausha kimea kwa moshi wa mti wa mesquite, ukiiweka kwenye pipa kali moshi ule unazama.

#25 · Kipimo Halisi

Tahadhari kwa wanaowaza kuhamishia bourbon kwenye pipa la pili lililokuwa na divai tamu. Ukifanya hivyo si "straight bourbon" (bourbon isiyoongezwa kitu) tupu tena, lebo lazima iseme imemaliziwa wapi. Na kwa soko la Ulaya, kimea cha chini ya miaka 3 hakiuzwi kwa jina la wiski. Chupa za Ulaya ni mililita 700, Marekani waliziruhusu mwishoni mwa 2020. Kabla ya hapo pipa moja lilibidi ligawanywe kwa saizi mbili za chupa na lebo mbili.

#26 · Kijana wa Nyali

Samahani natoka nje ya mada. Chupa ya 64% niilaze au niisimamishe?

#27 · Bi Mkubwa wa Ghala

Isimamishe. Kilevi kikali kinakula kizibo cha gome, kinavunjika shingoni na wiski inachukua ladha yake. Mara moja kwa miezi kadhaa igeuze sekunde chache kizibo kisikauke. Kikikatika, chuja kwa karatasi ya kahawa isiyopaushwa uliyoisuuza kwa maji ya moto.

#28 · Mwana wa Mji Mkongwe

Kinu, bado hujajibu hoja ya madalali. Kentucky peke yake ina mapipa zaidi ya milioni 14 ghalani, na wenye mapipa wanaohitaji fedha wanaongezeka. Kama sheria ndiyo kikwazo, mapipa hayo yatakwama. Kama kikwazo kilikuwa uhaba wa mapipa ya kununua, tutaona watia chupa wapya na ngazi tatu zikiwa pale pale.

#29 · Kinu cha Mawe

Hayo ya Kentucky mengi ni ya wakubwa, mkataba wa kutotaja jina utakuja nayo. Nipe mfano wa kiwanda kidogo kinachouza pipa la miaka 6 na zaidi kwa dalali na kuruhusu jina lake lebo nzima. Nipe vitatu, nibadilishe kichwa cha uzi.

#30 · Fundi Pipa

Kwa dalali au moja kwa moja kwa mtia chupa? Maana ukikubali moja kwa moja, Cedar Ridge wa Iowa, Ironroot na Santa Fe Spirits wote jina lao limo kwenye lebo za Lost Lantern. Umri wa kila pipa uko pale pale kwenye chupa, kahesabu.